Boila Lililohamia Jiangxi

Zou Genbao aligombana na makaa ya mawe kila siku ya maisha yake ya kazi. Lori likishamwaga mzigo uani, huyo anainama, anaokota bonge moja, analipima kiganjani, analivunja kwa nyundo, kisha anasonya.

"Haya nayo makaa? Huu ni udongo uliopakwa wanja!"

Mleta makaa hucheka tu na kuwasha gari. Genbao atamfuata mpaka getini akilalama kwamba mawe hayapiki mvuke, na kwamba siku moja atamlisha yeye mwenyewe tanurini aone atawaka kwa muda gani.

Mimi ni dereva wa lori. Kwa miaka kumi na mmoja nilipakia vitambaa kwenye kile kiwanda cha kutia rangi pale Keqiao, na wakati wa baridi nilikuwa nikingojea zamu yangu chumba cha boila, kwa sababu ndicho chumba pekee ambacho mtu aliweza kuvua koti. Ndipo nilipomjua. Yeye alikuwa ametoka milimani Jiangxi, mwaka ambao watu wote wa kwao waliteremkia pwani kutafuta kazi, akapewa boila, akakaa nalo miaka kumi na tisa. Mkewe alikuwa Hangzhou akimsaidia binti yao kulea mtoto. Kwa hiyo mwenzake wa karibu alikuwa lile lidude jeusi lenye ukubwa wa nyumba, lililokula tani thelathini za makaa kwa siku na kutoa mvuke wa kuchemshia rangi. Alijua likikohoa maana yake nini. Alijua mlango upi wa jivu unakwama mvua ikinyesha.

Sasa mnunuzi mkubwa wa mashati huko Ulaya akaandika barua. Alisema kuanzia mwaka unaofuata hataki kitambaa kilichopikwa kwa makaa ya mawe. Barua ile ilimtia Bosi Ruan homa ya siku mbili. Siku ya tatu akaja mama wa benki, viatu vyake vyeupe, akasema homa hiyo ina dawa. Kuna mkopo wa kijani, riba yake ndogo kuliko mikopo mingine yote, ilimradi boila la makaa lizimwe na yaletwe maboila ya gesi. Bosi Ruan alitia saini kabla chai haijapoa.

Siku ya kuzima ikafanywa sherehe. Walimvalisha Genbao ua jekundu la karatasi kifuani, wakamwambia ashike gurudumu la valvu na kutabasamu. Yule mama wa benki alisimama kulia kwake, Bosi Ruan kushoto, mpiga picha akasema wasogee, moshi usionekane. Genbao hakutabasamu.

"Bosi," alisema picha ilipokwisha, "hili linakwenda wapi?"

"Linakufa, Fundi Zou. Chuma chakavu. Kwani ulitaka tulizike kwa ubani?"

Watu wakacheka. Lakini wiki tatu baadaye nilimkuta amesimama uani, mikono nyuma, akiwatazama mafundi wanaolibomoa. Aliniita kwa kidole.

"Dereva Shen, njoo uone. Chuma chakavu kinakatwa kwa moto. Hawa wanafungua kwa spana."

Nikatazama. Kweli, walikuwa wakifungua nati moja moja na kuzitia kwenye makopo. Na kila bomba liliandikwa namba kwa chaki.

"Umeshawahi kuona mtu anampa maiti namba?" akauliza.

Jioni ile Bosi Ruan akamwita ofisini, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Mtu akiona bosi anammiminia chai, ajue kuna jambo. Bosi akamwambia ana habari njema. Binamu yake, ambaye sote tulimwita Ruan Mdogo, anafungua kiwanda cha rangi huko Jiangxi, wilaya ileile anakotoka Genbao, mwendo wa nusu saa tu kutoka kijijini kwao Zoujiawu. Wilaya imetoa ardhi, imetoa barabara, na inawakaribisha wenye viwanda kwa mabango.

"Na hakuna anayelijua boila lile kama wewe. Mshahara uleule, na kila siku utakula kwa dada yako."

"Si ulisema ni chuma chakavu?"

"Huku ni chakavu," alisema Bosi Ruan. "Kule ni jipya."

Genbao alinieleza maneno hayo mara nne tukiwa tumekaa kwenye ngazi za ghala, na kila mara alisonya zaidi. Lakini alikwenda. Nani angekataa? Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na maboila ya gesi yalikuwa yakiwashwa kwa kubonyeza kitufe, kazi ambayo alipewa msichana mmoja wa ofisini aliyekuwa akiifanya huku anakula mbegu za alizeti. Isitoshe, kwao ni kwao. Alipanda lori langu na sanduku lake moja, na tulipoanza kupanda milima ya Jiangxi alifungua dirisha, akavuta hewa kwa nguvu, akaniambia nisikie harufu ya mikafuri. Ni mti gani huo mimi sijui, lakini niliitikia.

Dada yake, Zou Meixiu, alikuwa mjane, mkubwa kwake kwa miaka saba, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili alizokuwa akianika. Vuli ikifika, pale Zoujiawu kila paa hujaa nyungo: pilipili nyekundu, figili zilizokatwa vipande, maua ya chai ya krisanthemu. Meixiu alikuwa na nyungo arobaini, na maua yake yalikuwa na mnunuzi mjini aliyeyachagua moja moja. Binti yake Suyun alikuwa amekwishaajiriwa kwenye kiwanda kipya, idara ya kukunja vitambaa. Kwa mara ya kwanza tangu amalize shule hakulazimika kwenda pwani.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa nderemo. Genbao alilipanga boila lake kwa zile namba za chaki, akaliwasha, likakohoa mara mbili, likakubali. Siku ya kwanza tu aliyoitwa ofisini kwa Ruan Mdogo, akaona kalenda ukutani. Ilikuwa kalenda ya benki. Ileile benki ya yule mama wa viatu vyeupe, picha ileile ya mashamba ya mpunga.

"Hawa nao umewajulia wapi?" akauliza.

"Tawi lao lipo hapa mjini, limefunguliwa mwaka jana. Ndio walionikopesha," Ruan Mdogo akajibu kwa fahari. "Bila wao ningepata wapi pesa ya kulinunua boila?"

Genbao alinipigia simu nikiwa barabarani. Alikuwa anapaza sauti mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

"Unanisikia, Dereva Shen? Tawi la kule limekopesha boila life! Tawi la huku limekopesha boila lifufuke! Benki moja! Mkono wa kulia unazika, wa kushoto unafukua!"

"Na wewe umekasirika nini? Riba si wewe unayeilipa."

"Ah! Wewe endesha gari lako!" akakata simu.

Lakini hata mimi nilikuwa ndani ya mchezo ule. Kila wiki nilipeleka vitambaa vyeupe Jiangxi, saa sita za dizeli, nikarudi Keqiao na vilivyokwisha kutiwa rangi, saa sita nyingine. Keqiao vilipigwa pasi, vikaviringishwa, vikabandikwa karatasi yenye picha ya jani, alama ya kitambaa kisichopikwa kwa makaa, vikaingia kontena kwenda bandari ya Ningbo. Rangi ilichemshwa kwa makaa, jani likabandikwa kwa gesi.

Vuli ikaja, na nyungo zikapanda mapaani. Masizi nayo yakaanza kushuka. Makaa aliyonunua Ruan Mdogo yalikuwa ya bei ya chini kabisa, mabichi, yamejaa jivu, na dohani ilikuwa fupi. Upepo wa asubuhi ulibeba moshi moja kwa moja hadi Zoujiawu. Meixiu alipopitisha kidole juu ya maua yake, kidole kilitoka cheusi.

Nilikuwapo siku hiyo mezani. Meixiu aliweka bakuli la tofu, la samaki kwa pilipili, na la wali, halafu akakaa bila kushika vijiti.

"Genbao, kwa miaka kumi na tisa umekaa huko pwani, umenitumia kadi za mwaka mpya. Leo umerudi, umeniletea masizi."

"Dada, mimi nachoma tu. Makaa siyanunui mimi."

"Muuaji naye husema mimi nashika tu kisu."

"Mama, acha basi," Suyun akasema. "Kiwanda kikifungwa mimi nitakwenda wapi? Niende Dongguan nikalale watu wanane chumba kimoja?"

"Wewe nyamaza, unakula wali wa masizi!"

"Nakula wali nilioununua kwa mshahara wangu! Mjomba, mwambie."

Mjomba alimtazama dada, akamtazama mpwa, akaweka vijiti chini. Siku tatu baadaye, siku yake ya mapumziko, alinisimamisha getini, akapanda lori bila kuomba. Alikuwa amevaa shati safi.

"Twende Keqiao," alisema. "Kesho anakuja mkaguzi wa yule mnunuzi wa Ulaya. Nataka nikamwambie."

"Utafukuzwa kazi."

"Wanifukuze. Nani ataliwasha? Ruan Mdogo?"

Mkaguzi alikuwa dada mmoja kutoka Shanghai, Bi Kuang, mpole, ana kompyuta ndogo na miwani mikubwa. Alikuwa kwenye chumba cha mikutano na Bosi Ruan, mezani machungwa na chai, aliposhtuka mlango unafunguliwa. Mimi nilibaki kizingitini, na mambo yote niliyaona.

"Bi Mkaguzi," Genbao akasema, "lile boila walilokuonyesha kwenye picha halijafa. Mimi ndiye niliye na ua kifuani. Liko kwetu Jiangxi, linakula tani thelathini kwa siku kama lilivyokula hapa, na vitambaa vinavyotoka kwake ni hivi hivi mnavyovibandika jani."

Uso wa Bosi Ruan uligeuka rangi ya figili. Bi Kuang alimsikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta.

"Fundi, nakuamini," alisema. "Lakini kazi yangu imechorewa mpaka. Nimeagizwa kukagua hewa ukaa inayotoka kwenye kiwanda hiki, ndani ya ukuta huu. Kilicho nje ya ukuta si changu."

"Hewa inaujua ukuta?"

"Hewa haiujui, fundi. Fomu inaujua."

"Basi badilisha fomu!"

"Fomu siandiki mimi." Na kweli sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Naweza kuandika maneno yako sehemu ya maoni mengine. Hiyo huwa inasomwa na watu wachache."

"Wangapi?"

Bi Kuang akaandika mistari miwili, akamwonyesha, akamshukuru.

Uani, Bosi Ruan alimshika Genbao mkono. Nilidhani atampiga, maana mishipa ya shingo ilikuwa imesimama, lakini alizungumza taratibu.

"Fundi Zou, unataka nini hasa? Nikilirudisha boila hapa, mnunuzi anakimbia. Nikilifunga kule, watu mia mbili wa kwenu wanarudi kupanda mabasi. Mpwa wako akiwemo. Huyo Mzungu anataka shati safi kwa bei ya shati chafu. Gesi bei yake unaijua? Haya, niambie wewe mwenye shati safi, nifanyeje?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, bosi."

"Sikupaki. Nakuuliza."

Tulirudi Jiangxi kwa saa sita, na neno alilosema Genbao ni moja tu, tulipopita kituo cha dizeli: "Na hii yako je, iko kwenye fomu ya nani?" Nilimwambia mimi sijui fomu, najua barabara. Akageukia dirisha.

Aliyemaliza mambo ni Meixiu. Asubuhi moja ya Novemba mnunuzi wake wa maua alirudisha magunia yote mawili. Meixiu hakubisha naye. Alichukua ungo mmoja wa maua, akauweka kichwani, akatembea nusu saa hadi kiwandani, akapita getini mlinzi anamwita, akapanda ngazi, akaukita ungo juu ya meza ya Ruan Mdogo, juu ya karatasi zake na simu yake.

"Chemsha chai," akasema.

"Shangazi, tulizana kwanza..."

"Nimesema chemsha chai. Tunywe wote wawili. Ukimaliza kikombe kimoja, naondoka, hunioni tena."

Ruan Mdogo aliyatazama maua. Yalikuwa ya kijivu. Akatazama mlangoni, ambako wanawake wa idara ya kukunja walikuwa wamejazana, Suyun mbele yao, ameziba mdomo kwa mikono. Genbao naye alikuwa amepanda kutoka chini, uso umejaa vumbi.

"Fundi Zou, mtoe dada yako."

"Simtoi," alisema Genbao. "Na moto wa boila naufunika kwa jivu sasa hivi. Haliwaki mpaka iwekwe mifuko ya kuchuja moshi na dohani irefushwe. Na makaa yale ya udongo, uyale mwenyewe."

"Wiki hii nina makontena manne ya kufika Ningbo!"

"Basi una haraka kuliko mimi."

Ruan Mdogo alipiga simu pwani, akapiga benki, akapiga meza. Alimtafuta mwendesha boila kutoka wilaya jirani, akaja mzee mmoja, akazunguka lile lidude mara moja, akasema lina mikwamo yake na hataki lawama, akaondoka. Siku ya nne Ruan Mdogo alikubali. Benki ikamwongezea mkopo wa mifuko ya kuchujia, na safari hii ulikuwa wa kijani nao.

Mifuko ilipofungwa, moshi ulikwisha. Mtu akisimama barabarani haoni kitu juu ya dohani, labda mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi. Wakubwa wa wilaya walikuja kutazama. Meixiu alipitisha kidole juu ya nyungo, kikatoka kama kilivyoingia, akamwita mdogo wake na kumpikia nyama ya mafuta kwa figili kavu, chakula ambacho hakuwa amempikia tangu arudi.

Mtu angedhani Genbao angefurahi. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za chumba cha boila, kadaftari mkononi, amekunja uso kuliko siku zote.

"Tani thelathini na mbili," alisema. "Jana. Feni za kuvutia moshi kwenye mifuko zinakula nguvu, kwa hiyo sasa nachoma zaidi kuliko mwanzo."

"Lakini masizi yamekwisha."

"Masizi yamekwisha, ndiyo. Masizi hunaswa. Ile hewa aliyoisema Bi Kuang haina rangi, inapita kwenye mfuko kama maji kwenye chujio. Kilichoondoka ni kile walichokuwa wanakiona. Nimemwambia dada, ananiambia nina kisirani. Nimemwambia Suyun, ananiambia Mjomba pumzika. Nimemwambia Ruan Mdogo, ameniambia kama haionekani na haichafui maua, ugomvi wangu ni na nani?"

"Na ni na nani?"

"Ningejua ningekuwa nimeshamfuata."

Tangu hapo akawa anamwandikia Bi Kuang. Kila mwisho wa mwezi alimtumia kwenye simu uzito wa makaa aliyochoma, na idadi ya mita za kitambaa nilizobeba mimi kurudi Keqiao. Miezi mitano hakujibiwa. Wa sita akapata ujumbe: "Fundi, nimepokea. Bado hakuna safu ya kuziweka." Aliniletea simu nisome, akasonya kwa hasira, halafu mwenyewe akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu uleule mara ya pili. Mwezi uliofuata akatuma tena.

Oda ziliongezeka. Mnunuzi wa Ulaya aliridhika na Keqiao, akaleta na rafiki zake. Mwaka wa pili Ruan Mdogo akaleta boila jingine, kubwa zaidi, kutoka kiwanda kingine cha pwani kilichokuwa kimepata mkopo wa kijani. Genbao alikataa kuligusa. Alisema yeye ana mke mmoja, hahitaji wa pili, na hasa huyu mnene. Wakamleta yule mzee wa wilaya jirani, aliyerudi sasa bila kuogopa lawama, na wawili hao wakawa wanagombania makaa mema kila lori linapomwaga. Suyun alipandishwa kuwa msimamizi wa idara yake, akamnunulia mama yake simu, na Meixiu akawa anampigia mdogo wake kiwandani mara tatu kwa siku kumuuliza kama mvua itanyesha, kwa kuwa anaona mawingu vizuri akiwa kule.

Wiki iliyopita nilipofika kupakia, alikuwa mizanini, analumbana na mleta makaa mpya.

"Tani thelathini na tatu, fundi, weka saini twende."

"Sitii saini. Lori lako limelowa. Umenipimia makaa au umenipimia mvua?"

"Fundi Zou, wewe unalipwa na nani hata unajali hivi? Andika tu namba."

"Namba hii haibaki hapa," alisema Genbao. "Inakwenda Shanghai. Shuka, tusubiri likauke."

Mleta makaa alinitazama mimi, kama vile nitamsaidia. Nikazima injini. Jua lilikuwa kali, tukakaa watatu kivulini mwa mizani, tukingojea makaa yakauke.